Kinyanyuo cha Haidroliki cha Trekta la Zamani: Dalili, Sababu na Utatuzi

Kinyanyuo kinapogoma, neno la kwanza la mwenye trekta huwa ni kwamba pampu imekufa. Mara nyingi pampu ni nzima. Pampu huzunguka miaka mingi ikiwa imezama ndani ya oili, ilhali ringi, oringi (pete za mpira za kuzuia mvujo), gasketi na springi zinazoizunguka huchakaa mapema zaidi, na juu ya hizo zote kuna wenzo uliosahauliwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo kabla ya kununua kipuri chochote jibu swali moja: je, oili haisukumwi kabisa, au inasukumwa lakini inatoroka kabla ya kufika kwenye silinda? Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa inaangukia upande mmoja au mwingine wa swali hilo.

Maelezo haya yanahusu hasa matrekta yenye mfumo wa Ferguson, ambamo kifaa kama plau hufungwa nyuma kwa mikono mitatu na kunyanyuliwa kwa oili, na jamaa zake wa karibu: Ford 9N iliyotoka mwaka 1939, Ford 8N ya 1947 hadi 1952, Ferguson TE20 ya 1946 hadi 1956, na Massey Ferguson 35 na 135. Katika matrekta haya pampu ya pistoni iko chini, ndani ya bodi ya katikati, na huzungushwa na shafti ya PTO, ile ambayo ncha yake hutokeza nyuma ya trekta ili kuzungusha mashine zinazofungwa hapo. Jambo la kukumbuka ni kwamba vali ya kuongozea imewekwa upande wa kufyonza. Pampu huweza kuzunguka kutwa nzima bila kusukuma chochote, kwa sababu mlango wa kuingizia oili umefungwa. Mlango huo hufunguka pale tu wenzo, au springi ya mkono wa juu (ule mkono wa tatu unaoshika kifaa kwa juu), inapoisogeza vali. Vali hiyohiyo ikisogea upande wa pili huiachia oili itoke kwenye silinda na kifaa hushuka. Asiyelijua hili hutafuta kosa mahali pasipo na kosa.

Kabla ya kugusa chochote

Shusha kifaa hadi kiguse ardhi, zima injini, funga breki na uweke kabari kwenye magurudumu. Kama kifaa kimegoma kushuka, kiegemeze juu ya stendi za chuma au magogo mazito kabla mtu yeyote hajakisogelea. Oili iliyofungiwa ndani ya silinda si egemeo, kwani kinachoizuia huenda ni oringi moja iliyozeeka, na ikikatika hakuna atakayewahi kuutoa mguu wake.

Shinikizo ndani ya mfumo huu hupita kilo 100 kwa kila sentimita ya mraba. Oili inayochuruzika kwa shinikizo hilo kupitia ufa mwembamba huweza kupenya ngozi na kuacha alama ndogo kama ya sindano, bila maumivu makubwa mwanzoni. Usitafute mvujo kwa kidole. Pitisha kipande cha kadibodi. Mtu akichomwa na oili ya namna hiyo apelekwe hospitalini saa hiyohiyo, hata kama anasema hajisikii vibaya, na daktari aambiwe wazi kwamba ni oili iliyoingia kwa shinikizo.

Anza na oili

Pima oili trekta likiwa mahali tambarare na kinyanyuo kikiwa chini, kwa kuwa kinyanyuo kikiwa juu sehemu ya oili imo ndani ya silinda na kijiti cha kupimia kitakudanganya. Katika TE20 na 8N, gia boksi, pampu na difu hutumia oili moja; 8N huchukua takriban lita 19. Kwa sababu hiyo sili ya ekseli inayovujisha oili kwenye ngoma ya breki inaweza kuwa ndiyo inayokiua kinyanyuo, na breki zilizolowa oili ni sababu tosha ya kukitazama kijiti.

Chota kiasi kidogo kwenye chupa ya kioo na uiache usiku kucha. Oili nzuri hubaki yenye rangi moja. Yenye maji huwa nyeupe kama maziwa, na asubuhi maji huonekana yamejitenga chini ya chupa. Maji mengi huingia kupitia mpira uliopasuka kwenye kitako cha wenzo wa gia, hasa trekta linapolala nje kwenye mvua, kwa hiyo kubadilisha oili bila kubadilisha mpira huo ni kazi bure. Trekta likishatulia usiku kucha, legeza plagi ya chini polepole. Maji yatatangulia kutoka. Oili iliyojaa povu ina maana tofauti: ama ni pungufu na pampu inameza hewa, ama kuna mahali upande wa kufyonza panapoingiza hewa.

Kinyanyuo hakinyanyui kabisa

Sababu inayoongoza ni ndogo kiasi cha kuaibisha. Katika TE20, 9N na 8N pampu haizunguki mpaka wenzo wa PTO uwe umeingizwa. Nimewahi kufungua kifuniko cha pembeni, nikamwaga oili na kulala chali chini ya trekta asubuhi nzima, kisha nikagundua kwamba wenzo huo uligongwa na buti nilipokuwa nikishuka. Tangu siku hiyo huwa nautazama kwanza, hata pale ninapokuwa na uhakika.

Ya pili ni klachi. Katika trekta lenye klachi ya hatua moja, kukanyaga pedali kunasimamisha pampu, hivyo anayekanyaga klachi na kuvuta wenzo wa kunyanyulia kwa pamoja atasubiri bure. Massey Ferguson 35 na 135 nyingi zina klachi ya hatua mbili: nusu ya kwanza ya pedali huachanisha magurudumu, na kuikanyaga hadi mwisho huachanisha pia PTO na pampu. Ikiwa kinyanyuo hufa kila unapokanyaga mpaka chini, hakuna kilichoharibika.

Baada ya hapo ndipo uangalie kiwango cha oili, kisha kama shafti inazunguka. Simama mbali, nguo zisiwe zinaning'inia, na utazame ncha ya shafti ya PTO nyuma ya trekta huku mwenzako akiendesha injini kwa mwendo wa chini. Isipozunguka ilhali wenzo umeingizwa na klachi imeachiwa, tatizo liko mbele ya pampu: klachi imeisha, au meno ya kiungo cha shafti yamelika. Hiyo ni kazi ya fundi, kwani mara nyingi inadai trekta ligawanywe katikati.

Shafti ikizunguka na oili ikitosha, mshukiwa anayefuata ni vali ya kuongozea iliyokwama. Hutokea sana kwa trekta lililosimama miezi mingi, hasa kama oili ilikuwa na maji, kwa kuwa kutu kidogo tu hutosha kuishika. Injini ikiwa imezimwa na kinyanyuo kikiwa chini, fungua kifuniko cha pembeni, safisha kwanza uchafu wa nje usije ukaanguka ndani, na ujaribu kuisogeza vali kwa kidole huku na huku. Inapaswa kuteleza bila kushikashika. Ikiwa nzito, ipe oili safi na uisogeze mara nyingi kwa subira. Usiigonge kwa nyundo wala kuibana kwa koleo, kwa sababu mkwaruzo mmoja juu yake huzaa mvujo usiokwisha.

Chujio lililoziba huja baada ya hapo, na ni nadra kuziba ghafla. Kwa kawaida kinyanyuo huwa kimezidi kuwa kizito kwa wiki kadhaa kabla ya kunyamaza. Mwisho kabisa ndipo pampu yenyewe ishukiwe.

Hunyanyua chepesi, hushindwa na kizito

Kwanza hakikisha kwamba kifaa si kizito kupita uwezo wa trekta. Magurudumu ya mbele yakianza kuelea, kinyanyuo kinafanya kazi yake vizuri kuliko trekta lenyewe, na dawa si kuikaza vali ya usalama, ile inayofunguka shinikizo likizidi. Nalisema hili kwa mkazo, maana wapo wanaoweka washa (kipete cha chuma) chini ya springi ya vali hiyo ili wapate nguvu zaidi, na wanachopata ni silinda iliyopasuka au kifuniko cha kinyanyuo chenye ufa.

Kama mzigo ni wa kawaida, sikiliza na utazame joto. Kinyanyuo chenye nguvu asubuhi kinachochoka oili inapopata moto kina mvujo wa ndani: oili nyepesi ya moto hupita pale ambapo oili nzito ya baridi ilizuilika. Kinyume chake, kinachosuasua asubuhi na kuchangamka baadaye kina shida ya kufyonza: oili nzito mno, chujio lenye tope, au hewa inayoingia. Jaribio hili halikugharimu chochote, nami nalithamini kuliko vipimo vingi.

Kisha sikia sauti wakati kinyanyuo kinapojaribu kunyanyua mzigo. Mlio mkali wa oili inayopita kwa nguvu unaonyesha kwamba pampu inasukuma na vali ya usalama inafunguka, ama kwa sababu mzigo umezidi, ama kwa sababu springi yake imechoka na inafunguka mapema. Kimya kitupu kinaonyesha kwamba shinikizo halijengeki. Kutofautisha vali iliyochoka na pampu iliyochoka kwa uhakika kunahitaji geji ya shinikizo iliyofungwa kwenye plagi ya kupimia, na kipimo kilinganishwe na kitabu cha trekta husika. Kama huna geji inayostahimili shinikizo hilo pamoja na mpira wake, ishia hapo umwite mwenye nayo.

Hunyanyua vizuri, kisha hushuka chenyewe

Hapa pampu imeshafanya kazi yake, kwa hiyo iache. Oili imefika kwenye silinda na sasa inatafuta njia ya kurudi. Chora mstari wa chaki kwenye mkono wa kunyanyulia na mwingine ulio sambamba nao kwenye bodi, nyanyua kifaa cha uzito wa kawaida, zima injini, na utazame saa. Silinda yenye ringi za chuma haikuundwa kushikilia mzigo usiku kucha, hivyo kushuka kwa masaa si ugonjwa. Kushuka kwa dakika chache ni tatizo la kushughulikia. Kushuka mara tu injini inapozimwa ni uvujaji mkubwa.

Njia nzuri ya kujua oili inatorokea wapi ni kuiona. Kifaa kikiwa juu, kimeegemezwa kwa stendi kiasi kwamba kinaweza kushuka sentimita chache tu, na injini ikiwa imezimwa, fungua kifuniko cha pembeni na uangaze tochi ndani bila kuingiza mkono wala kusogeza uso karibu. Huenda ukalazimika kupunguza oili kidogo ili uione pampu. Oili ikidondoka kutoka mdomo wa silinda, nyuma ya pistoni, ringi au oringi za pistoni zimeisha, au silinda ina mikwaruzo; hii ndiyo sababu inayoonekana zaidi. Ikichuruzika mahali bomba la kupandishia oili linapoungana na silinda, gasketi au oringi ya hapo imekufa, na hiyo ni bahati njema kwa sababu kipuri chenyewe ni kidogo. Ikitokea chini, upande wa pampu, fikiria vali ya kuongozea iliyolika, vali ya usalama isiyoziba sawasawa, au vali za kuzuia oili isirudi.

Kubadilisha ringi za pistoni kunahitaji kung'oa kifuniko chote cha juu, na kifuniko hicho ni kizito kuliko mtu mmoja anavyoweza kukibeba salama. Tumia winchi ndogo, na kwanza ulipe silinda nafasi ya kutoa shinikizo lote: kifaa kiwe kimeondolewa na mikono ya kunyanyulia iwe chini kabisa. Wakati wa kurudisha, vyuma vya ndani vinavyoshika vali ya kuongozea lazima virudi mahali pake kabla ya bolti kukazwa. Visiporudi, trekta litatoka hapo na ugonjwa mpya, ama halinyanyui kabisa, ama linanyanyua na kukataa kushusha. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, mara ya kwanza uifanye ukiwa na fundi pembeni.

Kinyanyuo kinapiga kwikwi

Kifaa kiko juu, injini inanguruma, na mikono ya kunyanyulia inaruka kidogo, inatulia, inaruka tena. Watu huogopa sauti yake, lakini kwa kawaida huu ni ule ugonjwa uliotangulia katika vazi jingine. Oili inavuja, kifaa kinashuka kidogo, vali inafunguka kujazia, kifaa kinapanda, vali inafunga. Hesabu kwikwi kwa dakika: kadiri zinavyokuwa nyingi ndivyo mvujo ulivyo mkubwa. Zima injini, na kifaa kikishuka haraka umepata jibu lako. Rudi kwenye tochi.

Kikishikilia vizuri injini ikiwa imezimwa, basi tafuta kwingine. Oili yenye povu hufanya kunyanyua kuwa kwa mrukoruko, na vali ndogo ya chumba kimoja cha pampu iliyokwama huleta mapigo ya kupanda kwa hatua badala ya mwendo laini. La kwanza utalimaliza mwenyewe kwa kujaza oili na kuziba mahali panapoingiza hewa. La pili ni pampu kufunguliwa, na katika TE20 na 8N hilo maana yake ni kumwaga oili yote, kuivuta shafti ya PTO na kuitoa pampu kwa chini.

Kimekwama juu

Kama hakuna kifaa kilichofungwa, huenda hakuna tatizo: mikono mitupu ni myepesi, na oili ikiwa nzito haitashuka yenyewe. Isukume chini kutoka pembeni huku wenzo ukiwa umeshushwa. Katika Massey Ferguson zenye kidhibiti cha kasi ya kushuka, angalia kama hakijawekwa upande wa polepole kabisa. Tazama pia minyororo ya pembeni, pini zilizopinda, na kifaa chenyewe kama kimejibana mahali.

Kifaa kizito kinachobaki juu wenzo ukiwa chini ni hali ya hatari. Kiegemeze, kisha ujaribu kusogeza wenzo juu na chini mara kadhaa injini ikiwa inazunguka taratibu, maana vali iliyoshikwa na kutu mara nyingine huachia hivyo. Isipoachia, usilegeze bomba wala bolti yoyote ili "kutoa presha". Muite fundi ukiwa umeacha stendi mahali pake.

Kinalia kikifika juu

Kinyanyuo kinapofika mwisho wa safari yake, vyuma vya ndani hupaswa kuifunga vali ya kuingizia. Visipoifunga, pampu huendelea kusukuma, vali ya usalama hufunguka, na hapo utasikia mlio unaokera huku injini ikilemewa. Rudisha wenzo chini kidogo. Mlio ukikoma, marekebisho ya ndani yamepotea na unaweza kuendelea na kazi kwa uangalifu bila kunyanyua hadi mwisho. Usipokoma, zima injini, kwa kuwa oili itachemka na pampu italika bure. Katika 135 angalia kwanza kama wenzo haujasukumwa mpaka kwenye nafasi ya kusukuma oili mfululizo, ile inayotumika kwa trela la kumwaga.

Kina cha plau hakitulii

Udhibiti wa mvuto hufanya kazi hivi: plau ikizama sana, mkono wa juu husukumwa mbele, springi yake hubonyea, na vali huelekezwa kunyanyua. Springi iliyolegea huchelewesha habari hiyo. Shika uma wa springi kwa mkono bila kifaa: unapaswa kuweza kuuzungusha, lakini usicheze mbele na nyuma. Ukicheza, urekebishe kabla ya kulaumu kitu kingine. Pini zilizolika na matundu yaliyopanuka huleta dalili ileile.

Wengine hulalamika kwamba mashine ya kukatia nyasi haikai kwenye kimo kimoja nyuma ya TE20. Trekta hilo halina udhibiti wa kimo. Linajua mvuto tu, hivyo kifaa kisichovutwa na udongo halikielewi. Minyororo ya kuzuia kifaa kisishuke kupita kimo fulani hutatua jambo hilo. Kwenye 8N kuna wenzo mdogo karibu na kiti wa kuchagua kati ya kimo na mvuto, na kwenye 135 kila kazi ina wenzo wake. Aliyelima kwa wenzo wa kimo atapata mifereji isiyolingana, na hakuna kipuri kitakachomsaidia.

Kamwe usifunge mnyororo wa kukokota gogo au gari kwenye tundu la mkono wa juu. Mvuto unaotoka juu ya ekseli hulipindua trekta kinyumenyume, na hutokea haraka kuliko mguu unavyoweza kufika kwenye klachi.

Fundi akiitwa

Mwambie dalili kama ulivyoiona, si jina la kipuri unachokishuku: kifaa kilishuka kwa dakika ngapi, injini ikiwaka au imezimwa, oili ikiwa baridi au moto, mlio ulisikika au haukusikika, na oili ilidondokea wapi ulipoangaza tochi. Mwonyeshe na ile chupa uliyoilaza usiku, bila kuitikisa.